Mhabeshi wa Omurushaka

Mwezi uliopita tulimzika Mwalimu Felisiani kule Nkwenda, katikati ya migomba yake, na mimi nilikataa kusoma. Walikuwa wameniwekea kiti mbele, upande wa familia, kwa kuwa marehemu alikuwa baba yangu wa ubatizo, na kwa kuwa jina langu limo katika kile kijitabu chake kuhusu asili ya watawala wa Karagwe. Mwanawe mkubwa alinijia kijitabu mkononi, akainama sikioni mwangu. "Ma Koku, tusomee ukurasa mmoja tu, pale anaposimulia walivyotoka Uhabeshi. Mzee angefurahi." Nikamwambia miwani nimeisahau nyumbani. Miwani ilikuwa inaning'inia kifuani pangu. Kijana aliitazama, akanitazama na mimi, kisha akaenda kutafuta mtu mwingine. Akasoma mwenyekiti wa kijiji, kwa sauti ileile anayoitumia kwenye mikutano ya hadhara, na waombolezaji wakawa wanatikisa vichwa kwa heshima. Nami nikakaa pale nikimsikiliza mwanamke niliyelala naye nyumba moja akiitwa "shahidi wetu kutoka nchi ya asili". Shahidi! Jina lake halikutajwa. Hilo peke yake ndilo lililoniwezesha kubaki kitini mpaka mwisho wa ibada.

Nimekuwa mkunga kijijini kwetu Kanoni kwa miaka mingi, mpaka sasa ninawazalisha wasichana ambao niliwapokea mimi mwenyewe walipozaliwa. Watu hudhani kazi hii niliirithi kwa bibi. Siyo. Niliipata kwa mgeni, mwaka niliokuwa na miaka kumi na tisa, mwaka ambao wakimbizi kutoka ng'ambo ya mto wa mpakani walikuwa wamejaa Karagwe na magari ya mashirika yalikuwa yakitimua vumbi Omurushaka tangu alfajiri. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yangu hayakuwa ya kumwonyesha mtu. Mwalimu Felisiani, aliyenifundisha historia, ndiye aliyesikia kwamba kuna muuguzi mgeni anatafuta msichana anayejua Kinyambo, Kiswahili na Kiingereza cha kuokoteza, akae naye na amtafsirie kliniki ya akina mama. Alikuja nyumbani anahema kama mtu aliyekimbilia posa. "Siyo Mzungu," aliniambia. "Ni Mhabeshi, mwanangu. Mhabeshi wa kweli!" Sikuelewa furaha hiyo ilitoka wapi. Kwangu Uhabeshi lilikuwa jina kwenye ramani iliyochanika ubaoni.

Baadaye ndipo nikaelewa. Zamani sana msafiri mmoja wa Kizungu alipita Karagwe, akapokewa vizuri ikulu, akanywa pombe ya ndizi, akawatazama wenyeji wake pua na kimo, na aliporudi kwao akaandika kwamba watu wanaotawala huku hawawezi kuwa wa huku. Lazima wametoka Uhabeshi. Mwalimu alikuwa amesoma hayo katika kitabu cha seminari, na yalimwingia kama homa ya mifupa. Yeye mwenyewe alijihesabu katika ukoo ule wa ikulu, japo baba yake alikuwa mkulima wa ndizi na kahawa kama baba zetu wote. Alikuwa anaandika kitabu. Alichokosa ni shahidi. Na sasa shahidi alikuwa amekuja mwenyewe, amepanga nyumba Omurushaka, nyuma ya duka la mabati.

Siku alipofika kunikabidhi, Mwalimu alivaa koti. Alimtarajia malkia, nadhani. Mwanamke mrefu, mwembamba, shingo kama ya korongo. Mlango ukafunguliwa, akatoka mama mfupi, mweusi kunizidi mimi, mwenye mabega mapana na vidole vifupi vinene, amejitanda shuka jeupe la pamba lenye ukingo wa rangi. Kwenye paji la uso alikuwa na msalaba mdogo wa chale za buluu. Mwalimu alimtazama pua muda mrefu kuliko ilivyo adabu. "Karibuni ndani," akasema yule mama kwa Kiswahili alichokiokota Nairobi alikoishi ukimbizini, "msisimame hapo inje kama polisi." Akacheka. Jina lake lilikuwa Lemlem, na akatueleza kuwa maana yake ni kijani kibichi, shamba baada ya mvua. Nilimwamkia shikamoo. Hakujua kuitikia, akanibusu shavuni mara tatu, kulia, kushoto, kulia, na mimi nikabaki nimeshika begi langu sijui nitazame wapi.

Ilikuwa mwezi wa tisa. Kwao, akaniambia, ndiyo mwaka mpya, na tena mwaka wao uko nyuma ya wetu miaka saba, na una miezi kumi na tatu. "Ukija kwetu, Koku, unarudi mtoto." Basi alifanya sherehe. Alichuma maua ya manjano kando ya barabara ya Kyerwa, akayatandaza sakafuni pamoja na majani mabichi, sakafu ile ya sementi nyekundu niliyoisugua mwenyewe, akachoma ubani katika kopo. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu. Dirisha la sebule lilitazama uwanja ambapo wanunuzi walianika kahawa kwenye maturubai, na kutwa nzima tulisikia reki zikikwaruza na wapakizi wakitaniana. Hata leo nikisikia kahawa kavu ikigeuzwa juani, ninaiona meza yake ya chini, iliyosukwa kama kikapu, na sinia moja ambamo sote tulikula.

Chakula chao kinataka nafaka ndogo kama vumbi ambayo huku haipo, na wiki za kwanza alikula ndizi zetu kwa uvumilivu wa mgonjwa. Kisha siku ya gulio akaona gunia la ulezi. Alitumbukiza mkono wote hadi kiwiko. "Dagusa!" akapiga kelele, watu wakageuka. "Koku, hii ni dagusa, mama yangu alikuwa anapika hii!" Tangu siku hiyo nyumba yetu ikanuka uchachu, kwa sababu unga ulilazwa majini siku tatu kabla ya kumiminwa kwenye bamba la chuma alilotengenezewa na fundi wa kuchomelea. Ulitoka mkate mpana, laini, wenye vitundu kama sifongo, na juu yake alipakua mchuzi wa dengu mwekundu kwa pilipili. Mara ya kwanza alimega tonge, akalichovya, akalielekeza kinywani mwangu. Nilirudisha kichwa nyuma. Kwetu mtu mzima halishwi kwa mkono, labda awe mgonjwa. "Fungua mdomo," akasema. "Kwetu nikikulisha, nimekukubali. Ukikataa, umenikataa." Nikafungua. Kabla sijameza akaleta la pili. "Moja peke yake linaleta ugomvi," akasema.

Jumapili baada ya kanisa watu walikuja kwa kahawa. Yeye alikuwa Mwothodoksi, na kanisa lake halikuwepo. Alisali nasi Walutheri wiki moja na Wakatoliki wiki nyingine, kisha akarudi kukaanga kahawa mbele ya wageni, akipitisha kikaango puani mwa kila mmoja ili moshi umfikie. Aliipika katika chungu cheusi chenye shingo ndefu, alichokibeba kutoka kwao, Sudani, hadi Nairobi, hadi hapa. Raundi tatu, na ya mwisho waliiita baraka, neno lilelile letu, jambo lililotuchekesha sana. Mimi nililetea baraza hilo akamwani, kahawa yetu inayochemshwa na majani ya dawa ikiwa na maganda, ikakaushwa ili itafunwe na wageni. Lemlem aliitafuna kwa uso wa mtoto anayenyweshwa kwinini. "Kahawa ni ya kwetu," akasema, "lakini nyinyi ndio mnaila kama mbuzi."

Wageni wa kila Jumapili walikuwa wawili. Mmoja ni Mwalimu Felisiani, na daftari lake ambalo mimi ndiye niliyekuwa ninaliandika, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri na kwa kuwa aliniahidi jina langu litakuwemo. Mwingine ni Dawit, mhandisi wa visima, Mhabeshi pia, mgane wa miaka arobaini na kitu, mtu mtaratibu mwenye meno mazuri. Alitoka Gonder, Lemlem alitoka milima ya karibu na Aksum. Lugha zao za nyumbani zilikuwa mbili, na nilisikia mara nyingi wakibishana kwa ile ya Dawit, huku neno Habesha likirukaruka kama punje kwenye kikaango. Niliuliza wanabishania nini. "Tunabishana nani Habesha," Lemlem akasema. "Yeye anasema wa milimani, wenye kanisa na maandishi ya zamani. Wengine wanasema sisi na yeye tu. Wengine wanasema wote waliozaliwa ile nchi. Nyumbani tunapigana kwa hili. Ugenini nikiona mtu wa kwetu sokoni namwita Habesha, basi, nalia." Mwalimu akauliza kwa shauku kama watawala wa Karagwe nao walitoka kwao. Lemlem akajipangusa mikono. "Mwalimu, sisi kwa sisi hatujakubaliana nani ni nani. Nitakuhakikishia wewe?" Mwalimu akaniashiria nisiandike hilo. Sikuandika. Ninakumbuka nilifikiri ni jambo dogo, wakati ng'ambo ya mto watu walikuwa wametoka kuuana kwa hadithi za namna hiyohiyo, nani mwenyeji na nani wa kuja, na mimi asubuhi zote nilikuwa ninatafsiri maneno ya akina mama waliowazika wanao njiani.

Krismasi yao ilipopita, Dawit akamposa. Ilikuwa mambo ya watu wazima, bila kelele: alimwambia akiwa anamsaidia kuosha vikombe, na Lemlem akaja chumbani kwangu akakaa kitandani, mikono yote imelowa. Harusi ingekuwa baada ya Pasaka, padri wao angetoka Nairobi. Lemlem alikuwa na miaka thelathini na sita. "Nilifikiri mimi nimeshafungwa kama barua," aliniambia. Tukaanza kushona.

Kisha nikakivunja kile chungu. Ilikuwa wiki za mfungo wao mrefu kabla ya Pasaka, nilikuwa ninakisuuza kwenye karai, kikanitoka mkononi. Nilisubiri kofi. Lemlem alipiga magoti, akaokota vipande kimoja kimoja, akavinusa. Asubuhi yake, kabla hatujaenda kliniki, aliniamsha tukashuka bondeni kuelekea Chonyonyo, kwenye kijito wanapochimba udongo. Alichagua udongo kwa kuuonja. Nyumbani aliukanda, akaondoa kokoto, akaanza kuinua kuta za chungu bila gurudumu, bila kitu, vidole vile vifupi vinene vikizunguka kwa kasi ambayo jicho halikuifuata. Shingo, mdomo, mkono wa kushikia. Katika miezi sita sikuwa nimemwona akiwa mzuri hivyo. Nilisema, "Dada Lemlem, nani alikufundisha?" Mikono ikasimama.

Alinieleza akiwa bado amechuchumaa. Kwao, wafinyanzi na wafua chuma ni watu wa kutengwa. Wana jina baya, buda. Inasemwa jicho lao likikiangukia chakula kinaharibika, likimwangukia mtoto anakonda. Inasemwa wanageuka fisi. Mama yake alifinyanga, na bibi yake. Siku za gulio watu walinunua vyungu vyao bila kuwapa mkono. Harusini waliandaliwa nje ya ua, kwenye sahani zao. "Mkate wote wa nchi ile unapikwa juu ya udongo wetu," alisema, "lakini hakuna anayekula kutoka mkononi mwetu." Alipata shule ya misheni, akapata uuguzi, kisha vita vikamtupa Sudani, na huko, katikati ya wakimbizi, hakuna aliyeuliza mama yako anafanya kazi gani. "Ukimbizi ulinifanya Habesha, Koku. Kabla ya hapo nilikuwa buda." Dawit hakujua. Angemwambia, lakini baada ya harusi, akishazoea mkono wake. "Mtu akiuliza chungu, sema nimeagiza Nairobi." Nikamwapia kwa Mungu. Nikamwambia pia kwamba huku kwetu wafua chuma walikaa karibu na mfalme, kwamba nyundo ilikuwa kitu cha ikulu. Alinitazama kama ninamdanganya ili kumfariji. "Kweli?" akasema. "Nyundo?" Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kiwiko, kwa sababu viganja vilikuwa na udongo.

Ni hiyo nyundo iliyoniponza. Niliona nimepata kitu ambacho Mwalimu hana, kitu kikubwa, tena kinachogusa historia ya kwetu na ya kwao kwa pamoja, na nilikuwa na umri ambao mtu akijua jambo linamwasha. Jumamosi moja nilikwenda kwake kunakili daftari. Mkewe alituletea ndizi na maharage, tukala, na alipotoka nikamwambia. Nilimwambia yote: udongo, mama yake, fisi, sahani za nje ya ua. Nikamwambia, "Baba, hii usiiandike." Alikuwa ameshika kalamu. Aliifunika, akaiweka mezani, akasema, "Siandiki, mwanangu." Lakini uso wake ulikuwa umeanguka. Akaniuliza mara mbili, "Una hakika? Mfinyanzi?" Niliona ni mshangao wa msomi. Nilirudi Omurushaka kwa miguu nikiwa mwepesi kama mtu aliyetoka kuungama.

Nimewaza sana, katika miaka hii, juu ya uaminifu wa Mwalimu. Hakuandika, alishika neno lake barabara. Alisema tu. Alikwenda hadi kambi ya wahandisi kwa baiskeli, mwendo mrefu wenye vilima, akamtafuta Dawit, akamuuliza kwa unyenyekevu, kama mwanafunzi anayemuuliza profesa, ikiwa mtu wa ukoo wa wafinyanzi anahesabiwa kuwa Mhabeshi kamili, kwa sababu asingependa kitabu chake kisimame juu ya ushahidi wa mtu duni. Ndivyo alivyoniambia mwenyewe baadaye, bila haya.

Pasaka yao ilifika. Lemlem alichinja jogoo, akamkata vipande kumi na viwili kama inavyopasa, akaweka mayai katika mchuzi. Kufunga kulikuwa kumeisha. Alishanifundisha kwamba baada ya Pasaka zinafuata siku hamsini ambazo Mkristo wao hafungi hata Jumatano wala Ijumaa, ni furaha tu. Wiki moja baada ya sikukuu, Jumapili, Dawit alikuja. Alikaa mbali kidogo na meza. Mwalimu alikuwepo, na mimi, na daftari. Lemlem akamega tonge la kwanza, akalijaza, akalielekeza kwake akitabasamu. Dawit alitazama ule mkono. Akasema kwa sauti ya chini, "Nimefunga."

Nje reki zilikuwa zinakwaruza kahawa. Tonge lilibaki hewani, mchuzi ukaanza kuchuruzika kwenye kifundo cha mkono wake, na niliona anaelewa, hatua kwa hatua, kama mtu anayeshuka ngazi gizani kwa kupapasa. Kisha akageuza mkono, akala lile tonge yeye mwenyewe. Akatafuna polepole, akameza. Akamwambia Dawit maneno machache kwa lugha ya Dawit. Dawit akainuka, akachukua kofia yake, akatoka bila kutuaga. Mwalimu Felisiani akajikohoza, akasema mvua inaweza kunyesha.

Nilimfuata Mwalimu hadi barabarani. Sikuwahi kumpaazia sauti mtu mzima, lakini siku ile nilisimama mbele ya baiskeli yake, wapakizi wanatutazama. "Baba, ulimwambia?" Akanieleza habari ile ya kambi ya wahandisi, kwa utulivu, kama anafundisha. "Niliuliza swali tu, Kokuhirwa. Utafiti ni kuuliza." Nikamwambia harusi imekufa. Akasema ndoa iliyojengwa juu ya uongo haina msingi, na kwamba tulidanganywa sote, yeye zaidi, kwa kuwa alipoteza miezi mingi kumhoji mtu ambaye kwao hata mezani hakaribishwi. Nikalia. Nikamwambia nilimwamini kwa sababu ni baba yangu mbele ya Mungu, alinishika begani siku ya kisima cha ubatizo. Hapo akanitazama kwa huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyoniumiza kuliko yote, akasema: "Mwanangu, wewe usingeniambia, mimi ningejuaje?" Akanizunguka, akapanda baiskeli yake, akaenda.

Nilisema mwanzoni kwamba nilikataa kusoma msibani. Watu wa familia yake wanadhani ni kinyongo cha mambo ya shamba au ada. Sina la kuwaeleza. Kitabu alikimaliza, na katika kitabu Lemlem ni binti wa jamaa ya makuhani, mrefu, mwenye pua iliyosimama. Alimtengeneza upya. Nami katika shukrani ni "msaidizi wangu mwaminifu". Nimewahi kukutana na waongo wengi, lakini yule ndiye peke yake aliyenitumia mimi kama kisu, kisha akanishukuru kwa maandishi.

Nilikaa siku nne bila kusema. Tulikwenda kliniki, tukapima matumbo, nikatafsiri. Lemlem alifanya kazi kama kawaida, isipokuwa aliacha kunilisha; kila mtu alimega upande wake. Siku ya tano, tukiwa tunakunja shuka za wodini, nikamwambia ni mimi. Hakuacha kukunja. "Nilijua tangu Jumapili," akasema. "Mlijua wawili tu, wewe na udongo. Udongo hausemi." Nikapiga magoti, kama tunavyofanya huku mbele ya mama. Akanivuta mkono niinuke, kwa ukali, akasema shuka zitachafuka. Nilitaka anitukane. Nilitaka anipige, kisha iishe. Alinifundisha siku ileile jinsi ya kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya tumboni, mikono yangu chini ya yake, kwa uvumilivu uleule, na sikujua, mpaka leo sijui, kama alikuwa amenisamehe au alikuwa ameamua tu kwamba akina mama wa Kanoni hawana kosa.

Aliacha kazi mwishoni mwa mwezi wa sita. Ofisini aliaga kwamba anarudi Nairobi. Nilimsindikiza stendi ya Omurushaka asubuhi, nimebeba mzigo wake mmoja kichwani na mwingine mkononi. Basi la Bukoba lilikuwa limewasha injini, kondakta anapiga bati kwa kiganja. Alikuwa ameshakanyaga ngazi aliposhuka tena, akanisogeza pembeni, nyuma ya magunia ya maharage, akaniambia, "Siendi Nairobi." Akanitajia mji. Akanitajia na mtaa, akanifanya niurudie mara mbili mpaka nikautamka sawasawa. "Dawit hajui. Ofisi hawajui. Ndugu zangu hawajui. Nimekuambia wewe peke yako." Nikamuuliza, "Kwa nini mimi?" Akanibusu shavuni mara tatu, akapanda.

Dawit alikuja Kanoni wakati wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa. Nilikuwa nimeanza kumsaidia mkunga wa zahanati, nikamwona anashuka kwenye gari la visima, amekonda, kola imempwaya. Mama alimpa kiti nje, akamletea ndizi zilizochanganywa na senene, akazila, hata sinia akalifuta. Aliniambia alikuwa mwoga. Alimwogopa mama yake, japo alikuwa mbali namna ile, na angejuaje? Aliogopa wanawe ambao hawajazaliwa wataitwa nini. Alikuwa ameandika Nairobi, akapata jibu kwamba hakuna mtu kama huyo. Alikuwa ameuliza padri, ubalozini, na Wahabeshi wote aliowajua njia nzima hadi mpakani. "Koku," akasema, "ulikuwa kama mtoto wake. Lazima alikuambia." Alikuwa analia bila kujificha, mbele ya mama yangu, mtu mzima yule. Nilimwonea huruma. Ilikuwa huruma kubwa kiasi kwamba jina la mji lilinifika kwenye meno, na labda Lemlem angefurahi, labda alinipa lile jina kusudi nije nimpe yeye siku moja. Sikujua. Sikuwa na namna ya kujua.

"Sijui," nikamwambia.

Akauliza tena, nikamwambia tena. Akamshukuru mama kwa chakula, akaenda. Mwaka uliofuata Mwalimu naye alinitumia salamu akiuliza yule mwanamke aliishia wapi, ili amalizie sura yake ya mwisho. Nikajibu hivyohivyo. Watoto wangu wameniuliza, mume wangu, apumzike kwa amani, aliniuliza hadi siku za mwisho wake. Mji ule ninaujua, mtaa ninaujua, na bado ninautamka sawasawa nikiwa peke yangu. Hapa pia siuandiki.